Dakika Alizozisoma Zaitun

Mnenia, Kondoa
17 Machi 2024

Mdogo wangu Zaitun,

Assalamu alaikum. Huku tuko wazima, leo tumefunga siku ya sita. Mvua zilikatika katikati ya mwezi wa pili, zikarudi zimechelewa. Mahindi ya bondeni yamepona, ya juu kilimani yamekauka yangali mabichi. Wifi yako Salma anakusalimu sana. Ng'ombe mwekundu, mjukuu wa yule wa Mama, amezaa ndama jike. Nadhani shemeji Mustapha bado anachomelea vyuma kule Kizota, na Sabrina sasa ni binti mkubwa. Mara ya mwisho nilimwona akiwa mgongoni.

Najua utashtuka kuona mwandiko wangu baada ya miaka tisa. Niliapa mbele ya Baba, mkono juu ya msahafu, kwamba sitasema nawe tena. Nimelifikiria hilo muda mrefu, nikaona kuandika si kusema. Kwa hiyo barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi, na ukitaka kujibu mpe yeye, aiache duka la dawa za mifugo pale stendi ya Kondoa.

Jambo lenyewe ni Baba. Macho yamekwisha. Ni presha ya macho. La kulia lilitangulia, la kushoto likafuata mwaka juzi. Sasa anajua mwanga na giza tu. Saa anaitafuta kwenye simu yake ya tochi: anapapasa zile namba za kampuni ya simu, anaweka sikioni, anaambiwa saa na dakika. Unajua ni sauti ya nani inayomwambia.

Mimi sijamtajia. Yeye husema anapiga kwa ajili ya swala, lakini msikiti uko hatua mia kutoka uani na adhana tunaisikia hadi jikoni. Mwezi huu wa Ramadhani anapiga mara tatu, mara nne kabla ya futari. Juzi kampuni ilileta ujumbe, nikamsomea: huduma ya kutaja saa itafungwa tarehe 30 Juni. Alikaa ameikumbatia simu mpaka uji ukapoa.

Naomba mawili. Kwanza, kama unayo nakala ya ile sauti, nitumie kwenye kadi, asije akapata unyonge. Pili, njoo umwombe radhi. Mzee ana miaka sabini na tisa. Mimi nitakutengenezea njia.

Kaka yako,
Halfani


Chang'ombe, Dodoma
5 Aprili 2024

Kaka Halfani,

Shikamoo. Wa alaikum salaam. Barua yako niliipata tarehe 29, kondakta aliisahau chini ya kiti cha dereva, ikaja na alama ya kiatu. Sisi hatujambo. Sabrina yuko darasa la tano. Mustapha anasumbuliwa na macho kwa ule moto wa kuchomelea, ananiambia ni vumbi. Kazi ya redioni niliiacha mwaka jana, siku hizi nashona sare za shule hapahapa nyumbani. Ndama mpeni jina zuri.

Nakala sina. Sauti ile ni mali ya kampuni, nilitia sahihi. Mimi mwenyewe sijawahi kuipiga ile namba hata siku moja.

Unasema nije niombe radhi. Sikatai. Lakini kwanza niandikie kosa langu, kaka, kwa maneno yako na kwa mkono wako, nilisome.

Na macho ya Baba! Mwaka juzi mzima hukupata hata mtu wa kumtuma aniambie? Nani anampunguza ndevu? Maana hapendi wembe, anapenda mkasi. Anakula?

Mpe Salma mkono wa Idi.

Zaitun


Mnenia, Kondoa
28 Aprili 2024

Mdogo wangu Zaitun,

Assalamu alaikum. Idi ilikwenda vizuri, tulichinja mbuzi, Baba alikula nyama laini ya mgongo. Ndevu anapunguzwa na mimi, kwa mkasi, kila Alhamisi. Mahindi tunaanza kuvuna mwezi ujao, na safari hii sipeleki soko la Kibaigwa. Madalali wa pale wamenichosha.

Kosa lako unalijua. Mama alikuwa anaumwa, ukaitwa, ukasema una kazi, hukuja. Hayo si maneno yangu, ni maneno ya kila mtu aliyekuwepo msibani. Sikuandiki kwa ugomvi.

Salma hakuapa chochote, kwa hiyo nilimwambia akupigie simu muongee kama wanawake. Amepiga mara tatu. Mara zote anapokea Mustapha, mara umeenda sokoni, mara umelala. Mchana mtu analala? Kama umetukasirikia hata yeye, sema.

Kuna jambo limenitia wasiwasi. Jumatano, baada ya adhuhuri, nilimkuta Baba barazani anasikiliza simu. Nilidhani nitamkuta na uso wa huruma. Zaitun, uso wake ulikuwa mgumu kama wa mtu anayesikiliza kesi. Aliposikia nyayo zangu akakata simu, akaniuliza:

"Halfani, ile Jumatatu mama yenu alipozidiwa, ulimpigia mdogo wako saa ngapi?"

Sijui kimemjia nini baada ya miaka yote hiyo. Nikamwambia asubuhi.

"Asubuhi saa ngapi?"

Nikasema saa nne. Akatikisa kichwa, na mpaka leo hajaniuliza tena. Lakini anawaza, namwona. Nakuomba sana, akipata namba yako akakupigia, usianze kufukua mambo ya nyuma. Ni mzee, ana presha. Wewe omba radhi tu, yaishe. Yaliyopita si ndwele.

Halfani


Chang'ombe, Dodoma
19 Mei 2024

Kaka Halfani,

Shikamoo. Sote wazima.

Umeandika "ukaitwa". Nani aliniita?

Umeandika "ukasema una kazi". Nilimwambia nani?

Simu sishiki kwa sababu zangu, Salma asijisikie vibaya. Mwezi wa sita nina shughuli na sitaweza kusafiri. Ukitaka kunijibu nijibu kabla.

Zaitun


Mnenia, Kondoa
2 Juni 2024

Zaitun,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, Alhamdulillah. Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana.

Unanitisha? Maana naisoma barua yako kila nikirudi shamba, mistari sita tu, na kila mara inanikaa hapa kifuani. Sawa. Wewe una maswali, na mimi ninalo langu: miaka tisa hii nani amemwogesha Baba? Nani anamshika mkono kumpeleka msikitini? Alipoanguka kisimani, nani alimbeba? Nani aliyelala chini ya kitanda chake hospitali ya Kondoa siku kumi na moja? Wewe ulikuwa mjini, jina lako linasikika redioni, sauti yako inauliziwa saa na nchi nzima. Mimi ndiye niliyebaki na mzee na mawe ya Mnenia. Hayo nayo yahesabiwe.

Kila nikimshika mkono kumvusha mfereji ananiombea dua. "Mungu akulipe, Halfani, wewe ndiye mwanangu uliyebaki." Wewe hujui ni mzigo gani huo, kuombewa dua hiyo kila siku.

Nilitaka kupiga. Simu nilikuwa nayo mfukoni na chaji ilikuwepo.

Naishia hapa. Salma anaita, chakula tayari.

Halfani


Chang'ombe, Dodoma
9 Juni 2024

Kaka yangu Halfani,

Shikamoo tena shikamoo. Yote uliyomfanyia Baba nayajua na sijayasahau. Mungu akulipe kwa hayo. Sasa kaa mahali peke yako usome.

Wiki mbili kabla Mama hajafa nilikupigia nikakwambia umlete Dodoma, kile kikohozi si cha kawaida. Ukasema mahindi yakishauzwa. Nikasema kaka, mahindi hayafi. Ukakasirika, ukakata simu. Unakumbuka? Mimi nakumbuka.

Jumatatu ile niliingia kurekodi. Chumba kile kilikuwa na magodoro ukutani na taa nyekundu mlangoni, na simu huingii nayo. Yangu nilimwachia dada wa mapokezi, Cecilia. Nilimwambia, "Ikilia kutoka Kondoa njoo ugonge, hata kama taa inawaka, mama yangu anaumwa." Jumatatu nikasoma saa: saa moja, saa mbili, mpaka kumi na mbili, kila moja mara tano. Kila mapumziko nilitoka kuuliza. Cecilia akasema haijalia. Nikaitazama mwenyewe. Haikulia.

Jumanne nikasoma dakika. Nilikuwa na furaha, Halfani. Ndicho kinachoniuma mpaka leo. Fundi alinisifu kwamba sauti imetulia kuliko ya jana. Kumbe Mama alishakata roho tangu alfajiri. Wakati mnamshusha kaburini mimi nilikuwa naelekea arobaini, nasoma taratibu, nanywa maji ya uvuguvugu, narudia pale nilipokosea. Nilimaliza hamsini na tisa saa tisa na nusu. Wewe ulinipigia saa kumi alasiri. Ukasema, "Zaitun, Mama hatunaye, tumeshamzika."

Jumatano asubuhi nilifika. Baba alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanaume. Hakuniitikia salamu. Akasema, "Mwenye kazi arudi kazini kwake. Uliambiwa tangu Jumatatu." Nikakutazama wewe. Ulikuwa umesimama karibu na tangi la maji. Ukainamisha kichwa ukaanza kuchezea bomba.

Ningeweza kusema palepale. Nilifungua mdomo, nikaona mambo mawili. Nikaona Baba hana mke tena, na mimi nimeolewa mjini. Akikufukuza na wewe, nani atamchotea maji? Na nikaona sura yako. Ulikuwa umekonda kwa siku mbili tu. Nikageuka, nikarudi stendi na Sabrina mgongoni, sikunywa hata maji. Nilidhani utamwambia baada ya arobaini. Halafu nikadhani baada ya mwaka. Nilipopata habari kuwa umeapa usiseme nami, nikajua hutamwambia.

Sikusemi kwa kulipiza. Wewe na mimi tumezaliwa na wawili tu na mmoja ameondoka. Lakini nimebeba mzigo wako miaka tisa na sasa nautua, nina wangu mwingine wa kubeba. Mwambie Baba. Nataka anisikie akiwa anajua. Mwambie kabla ya Jumapili tarehe 23. Sitakuandikia sababu ya tarehe.

Mdogo wako,
Zaitun


Stendi ya Kondoa
Jumanne, 25 Juni 2024, saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Zaitun mdogo wangu,

Barua hii anakuletea Salma mkononi. Yuko hapa na Baba wanangoja basi la kwanza, naandikia juu ya boneti la gari la mtu.

Barua yako niliipata tarehe 13. Nikasema Idi ya kuchinja ipite kwanza. Idi ikapita. Ijumaa Salma alipiga tena simu, na safari hii Mustapha hakuweza kuficha. Alimwambia uvimbe wa shingoni umekaza, na sauti ilianza kukauka tangu mwaka jana, ndiyo maana ukaacha redio, ndiyo maana hushiki simu. Akamwambia Jumapili unalazwa, Jumanne unapasuliwa, na daktari hakuahidi kama sauti itarudi. Salma alinieleza huku analia. Ndipo nikaielewa tarehe yako.

Zaitun, hata hapo nilisema kesho. Jumamosi nikaenda shamba. Jumapili nikaenda shamba, na shambani hakuna kazi, tumeshavuna. Nilikaa kwenye mabua nikarudi. Nakuandikia hili ulijue kutoka kwangu mwenyewe, usije ukalisikia kwa mtu.

Jana baada ya swala ya alasiri nilimkuta barazani. Nilikaa chini, si kwenye kigoda.

Nikasema, "Baba, nina neno."

"Sema."

"Ile Jumatatu sikumpigia Zaitun."

Tasbihi ilisimama mkononi mwake. "Rudia."

"Sikumpigia. Nilimpigia Jumanne saa kumi, tumeshatoka makaburini. Aliniambia nimlete Mama hospitali, nikakataa kwa sababu ya mahindi. Mama alipozidiwa niliona haya kumwambia. Nilidhani atapata nafuu."

"Uliniambia amesema ana kazi."

"Nilisema uongo."

"Na msahafu ukaushika."

"Niliushika, Baba."

Kuku wakapita mbele yetu, wakaenda, wakarudi. Halafu akauliza, "Yeye anajua?"

"Anajua tangu siku ile. Alinyamaza usije ukanifukuza ukabaki peke yako."

Nilitaka kumwambia na habari ya simu. Nikasema, "Na ile sauti ya saa, Baba, ni..."

"Nyamaza! Yaliyokufa ni macho, masikio hayajafa. Nimeijua tangu siku ya kwanza." Tasbihi ilikuwa inalia mkononi mwake. "Unadhani nilikuwa napiga kwa mapenzi? Nilikuwa natafuta dakika moja iliyotetemeka. Moja tu, katika zote hamsini na tisa. Nilizisikiliza zote, nyingine nilizivizia wiki nzima. Sikuipata. Niliambiwa kazi yake ya siku zile ndiyo hii, nikasema huyu ameambiwa mama yake anakufa, akasoma namba kama anayehesabu magunia. Moyo wangu ukitaka kulegea, napiga ile simu, unakaza tena. Miaka yote hiyo nimempigia mwanangu ili nisimsamehe. Kumbe alikuwa hajui. Mtoto alikuwa hajui!"

Sijawahi kumwona Baba hivyo, hata siku ya Mama. Nikamwambia la hospitali. Nikamwambia, tumpigie sasa hivi, Mustapha atamwekea simu sikioni. Akakataa. "Kwenye simu nimeshamsikia vya kutosha. Nipelekeni kwake."

"Nitakupeleka, Baba, kesho basi la kwanza."

"Si wewe."

Tangu hapo hajanisemesha. Maji ya udhu amechotewa na Salma. Asubuhi hii nimewasindikiza nikitembea nyuma yao kama mgeni. Hata mkono wakati wa kupanda gari la kuja hapa amemtafuta Salma.

Basi linapiga honi. Kama watawahi kabla hujaingia kupasuliwa, msikilize. Mimi nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa.

Halfani


Chang'ombe, Dodoma
18 Agosti 2024

Kaka Halfani,

Shikamoo. Najua umekaa miezi miwili bila neno letu zaidi ya salamu za Salma. Niwie radhi. Shingo ilikuwa haiinamiki, kuandika kulinitesa, na ukweli mwingine ni kwamba sikujua niandike nini. Sasa najua kidogo. Sabrina anakusalimu, amefaulu hesabu. Mustapha amekubali kwenda kupimwa macho. Kidonda kimefunga, na majibu ya maabara yalikuja mazuri: uvimbe haukuwa ule mbaya. Mungu ashukuriwe.

Hawakuwahi. Mimi niliingizwa saa tatu, wao walifika hospitali saa tano. Jumatatu jioni, wakati unamwambia Baba mpige simu, bado nilikuwa na sauti. Ilikuwa ya kukwaruza, ila maneno yalikuwa yanasikika. Sikulaumu kwa hilo. Ni yeye aliyekataa, naye amelijutia, amenieleza.

Nilipozinduka nilimwona kwanza Baba. Kaka, hukuniandikia kama amezeeka hivyo. Alikuwa amekaa kando ya kitanda, kanzu imejaa vumbi la safari, uso ameuelekeza ukutani, kwani hakujua kichwa changu kiko upande gani. Nilitaka kumwita. Hakikutoka kitu, hata pumzi yenye sauti. Nesi akaniletea daftari niandike. Nikaandika "Baba", nikamgeuzia. Halafu nikakumbuka kuwa haoni.

Basi tukabaki hivyo, mmoja haoni na mwingine hasemi. Nikanyoosha mkono nikamshika wake.

Akasema, "Ni wewe, Zaitun? Ukinisikia bonyeza."

Nikabonyeza.

"Siku ile ulikuwa unajua mama yako anakufa? Kama hukujua bonyeza mara mbili. Nataka nisikie kwako, si kwa Halfani."

Nikabonyeza mara mbili. Nikaona haitoshi, nikabonyeza tena mara mbili, na tena, mpaka akasema, "Basi, mama, basi. Utajiumiza." Akavua kofia akaiweka magotini. Akaniomba radhi mbele ya wagonjwa wote wa wodi ile na ndugu zao, kwa sauti, mwanamume mzima. Mama mmoja wa Kigogo wa kitanda cha pili, Anyesi, alianza kulia bila kujua anachokililia. Mimi nililia bila sauti. Mshono uliuma mpaka nesi akaja kunigombeza.

Tangu niliporuhusiwa kutoka hospitali tukaja hapa nyumbani, Baba hajataka kurudi Mnenia, Salma alikueleza. Analalamika kwamba Chang'ombe kuna kelele, kila duka lina muziki wake, na kuku wa mjini hawajui alfajiri. Lakini habanduki. Siku za mwanzo niliandika, Mustapha akamsomea. Unamjua shemeji yako, hawezi kusoma bila kuongeza yake. Mimi nimeandika "Baba, kula", yeye anasoma, "Baba, Zaitun anasema ule, na anasema nyama ipelekwe kwa Mustapha." Baba akaanza kumshtukia. Siku moja nilisikia wanacheka wote wawili sebuleni, nikasimama jikoni na mwiko mkononi, nisiamini.

Huduma ya saa ilifungwa. Hapa hakuna aliyekumbuka mpaka tarehe ilipokwisha kupita siku mbili. Mustapha amemnunulia Baba saa ya mkononi yenye kitufe, inataja saa kwa sauti ya mashine. Anasema inatosha.

Daktari alisema tungoje miezi mitatu. Alhamisi iliyopita nilikuwa napunguza ndevu za Baba, kwa mkasi, akageuza kichwa ghafla nikaogopa nitamkata. Nikasema, "Baba!" Ikatoka. Nzito, imepasuka, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mimi mwenyewe sikuijua.

Akashtuka. Akauliza, "Nani huyo?"

Nikasema tena, "Baba."

Akauinua uso. Nilidhani amehuzunika kwamba sauti ile aliyoijua imekwenda. Kisha akanyoosha mkono akanigusa kooni, juu ya kovu, akaacha vidole hapo. Akasema, "Sema kingine." Nikamwambia ndevu upande huu ni ndefu. Akasema, "Sema kingine." Tukakaa hivyo mpaka nikachoka, na yeye bado anataka. Mpaka leo kila asubuhi ananisemesha nikiwa bado sijanywa hata chai, anaizoea. Inatoka dakika chache tu kwa siku, halafu inazima.

Sasa habari yako. Umeniomba msamaha stendi, juu ya boneti. Mimi nilikusamehe zamani, ila sikujua kama nimekusamehe au nimezoea tu. Ulipoandika kuwa ulikwenda shamba Jumamosi na Jumapili na kazi haikuwepo, nilikasirika siku mbili nzima, halafu nikacheka, kwa sababu ndivyo ulivyo tangu utoto. Nimekusamehe, kaka. Lakini usilitaje tena neno kesho mbele yangu.

Baba ni mambo mengine. Wiki saba hakukutaja jina. Mustapha akikutaja anaomba maji. Nilidhani nisiliguse. Jana tulikuwa tunakula, akauliza tu, kama anayeuliza bei ya chumvi, kama kile kikohozi chako cha wakati wa kupura mahindi kimeisha. Nikamwambia sijui. Akatafuna, akameza.

"Una karatasi?" akaniuliza.

"Ninayo, Baba."

"Mwandikie kaka yako sijamsamehe. Andika hivyohivyo, usipunguze."

Nikaandika. Akangoja asikie kalamu imesimama.

"Umemaliza? Sasa mwandikie aje."

Zaitun